Sauti Ambayo Fahima Hakuisikia

Asubuhi zote za shule zilianza namna moja. Razan alisukuma mlango wa kina Fahima, akatoa salamu, akapewa kikombe cha chai na kipande cha mkate wa mofa hata kama alikuwa amekwisha kula kwao. Kisha wasichana hao wawili wakashika njia, na hapo Fahima alifanya jambo ambalo Razan alikuwa amelizoea: alimzunguka rafiki yake mpaka akahakikisha yuko upande wake wa kulia. Vichochoro vya Langoni, mtaa wao mjini Lamu, ni vyembamba, na mara nyingi ilibidi mmoja atangulie na mwingine afuate. Lakini palipokuwa na nafasi ya wawili, Razan alikuwa kulia. Fahima hakueleza sababu, wala Razan hakuuliza.

Siku hiyo nyuma yao alikuja mwanamume akiswaga punda aliyebeba kasha kubwa la mbao. "Simile! Simile!" alipiga kelele. Razan akarukia kizingiti cha nyumba ya watu. Fahima aliendelea kutembea katikati ya njia huku akisimulia habari za arusi ya binamu yake, mpaka pembe ya kasha ilipomgonga bega akayumba ukutani.

"We mtoto!" alifoka mwenye punda. "Nimekupigia kelele tangu kule msikitini. Masikio umeyavaa kwa pambo?"

Fahima alijishika bega, akainua kidevu. "Ndia si ya punda wako peke yake!"

Mwenye punda alisonya, akapita. Razan alimfuta rafiki yake chokaa ya ukuta begani. "Ungesema tu hukusikia," alinong'ona.

"Nani kasema sikusikia?" Fahima akamkata.

Ukweli ni kwamba hakusikia. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha kwa muda mrefu, likikauka na kuanza tena, na la kulia nalo lilikuwa limeanza kuziba. Mama yake, Bi Radhiya, alikuwa akimtilia mafuta ya moto kidogo yaliyokaangiwa kitunguu saumu, na kumwambia asimwambie mtu. Fahima hakuhitaji kuambiwa. Mtaani kwao mtu akibandikwa jina halibanduki. Alikuwapo mzee mmoja ambaye ujanani mwake alianguka na sinia la halua arusini. Mpaka leo, ana wajukuu na mvi, watu wanamwita Halua. Fahima alikuwa amejiapiza kwamba yeye hataitwa Kiziwi. Heri aitwe lolote lingine.

Na jina lingine alikuwa nalo tayari. Katika Gredi ya Saba walimu walimwita mkaidi.

Somo la kwanza lilikuwa la Bi Afra, mwalimu wa Kiswahili, ambaye alipenda kutembea nyuma ya madawati akiuliza maswali. Fahima alikuwa ameinamia daftari akiandika. Mara akahisi darasa zima limenyamaza, na Razan anamgusa kiwiko. Aligeuka akamwona Bi Afra amesimama upande wa kushoto, mikono kiunoni.

"Nimekuita mara tatu, Fahima. Wenzako wote wamesikia ila wewe?"

Hapo kulikuwa na milango miwili: kukiri kwamba hakusikia, au kujitia ukaidi. Fahima aliuchagua ule wa siku zote. "Nilisikia, Bi. Nilikuwa namalizia sentensi yangu kwanza."

Darasa lilivuta pumzi. Bi Afra uso ulimbadilika. "Basi nenda kaimalizie nje. Utarudi ukijua adabu."

Fahima alichukua daftari akatoka, mgongo umenyooka kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alipokuwa amesimama barazani ndipo alipomwona tena yule punda, amefungwa kwenye nguzo, na Mwalimu Crispus akihangaika kuliteremsha lile kasha.

Mwalimu Crispus alifundisha sayansi. Alikuwa mtu wa bara, bado mgeni Lamu, na aliongea Kiswahili cha haraka haraka. "Fahima! Wewe umefukuzwa tena? Sawa, kuja unishikie hapa. Pole pole, hii kitu ni mzee kuliko mimi."

Walilibeba pamoja mpaka chumba cha sayansi. Ndani ya kasha, katikati ya magazeti yaliyokunjamana, kulikuwa na mashine ya chuma ya rangi ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia. Mbele ilikuwa na duara kubwa lenye namba, vifundo vya kuzungusha, na kidirisha cha kioo chenye mshale mwembamba. Mwalimu Crispus aliifuta vumbi kwa mkono wa shati lake bila kujali.

"Inaitwa osileta," alisema. "Chuo kimoja huko bara kilikuwa kinaitupa. Inatoa sauti moja safi, nene au nyembamba, vile unataka. Siku ya wazazi tutaitumia kuonyesha sauti ni nini."

Fahima alitaka kunyoosha mkono aingize plagi kwenye soketi. Mwalimu akamzuia.

"Hapana! Soma kwanza nyuma."

Nyuma palikuwa na kibati kidogo. Fahima alisoma: volti mia na kumi na tano. Umeme wa shuleni ulikuwa wa mia mbili na arobaini. "Ingeungua," alisema.

"Ingeungua, na ingeweza kukuchoma na wewe." Mwalimu alitoa transfoma ya kupunguza umeme, akakagua fyuzi na waya wa ardhini, akakishusha kifundo cha ukubwa wa sauti mpaka mwisho. "Sheria ni hii: unaanza na sifuri. Kila mara. Unawasha, unangoja. Ndani kuna taa za kioo, lazima zipate moto kwanza. Halafu unapandisha sauti kidogo kidogo ukiangalia mshale."

Kutoka kwenye matundu ya mashine mwanga wa rangi ya chungwa ulianza kuonekana, na harufu ya vumbi lililopashwa moto ikajaa chumbani. Mwalimu alimwonyesha Fahima namna ya kusoma duara na swichi ya kuzidisha iliyo kando yake: duara likisoma hamsini na swichi ikielekea kumi, hiyo ni mitetemo mia tano kwa sekunde. Fahima alipandisha kifundo, mshale ukainuka kwenye kioo, na spika ikaimba. Safari hii alisikia, kwani alikuwa ameinama juu yake. Hata ambapo hakusikia, mshale ulimwambia. Hakuwahi kupenda kitu chochote shuleni jinsi alivyoipenda mashine ile. Hapa hakuhitaji kukisia. Alichokosa sikioni alikipata machoni.

Kwa siku zilizofuata yeye ndiye aliyekuwa fundi wake. Wenzake walikosea kuzidisha, yeye hakukosea. Darasa liliposikiliza sauti ikipanda mpaka ikawa nyembamba kama sindano, na kila mtu akashusha mkono aliokuwa ameuinua pale ilipompotea, Fahima alikuwa mbele akizungusha duara, na hakuna aliyefikiri kumuuliza kama yeye ameisikia.

Kisha Mwalimu Crispus akaleta hedfoni. "Leo kila mmoja atakaa hapa, sikio moja moja, atuambie sauti ndogo kabisa anayoisikia. Fahima pia. Razan, shika mashine."

Fahima aliinuka. Alipokuwa akipita kwenda kitini, alimnong'oneza Razan, "Ukipandisha, inua kidole."

"Fahima, lakini..."

"Wewe ni rafiki yangu au si rafiki yangu?"

Razan aliinua kidole. Fahima akasema "Nasikia" kila alipokiona, na Mwalimu Crispus akatikisa kichwa kwa mshangao. "Masikio ya popo!" alisema. Darasa likapiga makofi. Fahima alicheka pamoja nao. Razan hakucheka.

Siku chache kabla ya siku ya wazazi walifanya mazoezi ya mwisho. Mwalimu Crispus alikuwa ameitwa ofisini, akawaacha Fahima na Razan waandae, huku kundi la wenzao likitazama. Fahima alifuata sheria: transfoma, fyuzi, sifuri, kuwasha, kungoja. Akapandisha kifundo. Mshale haukusogea.

Aliupiga kioo kwa ukucha. Mshale ulilala vile vile. Palikuwa na jambo la kufanya hapo, nalo ni kuzima mashine na kumngoja mwalimu. Lakini macho ya wenzake yalikuwa mgongoni mwake, na yeye ndiye fundi. Akachukua hedfoni, iliyokuwa imechomekwa mahali pa spika, akaipachika sikio moja. Kimya. Akapandisha. Kimya. Akapandisha tena na tena, mpaka kwa mbali akasikia mlio mwembamba, kama mbu aliye upande wa pili wa chandarua.

"Iko sawa," akasema. "Razan, vaa."

Razan alivaa. Mara moja alipiga ukelele, akaing'oa hedfoni, akaitupa sakafuni, akajikunja ameshika masikio kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka. Mtu mmoja aliikimbilia swichi akazima.

"Umefanya nini?" Razan alilia. "Umefanya nini, Fahima?"

Fahima aliinama akaiokota hedfoni sakafuni.

Razan alipelekwa kwa muuguzi. Masikio yake yalikuwa yakivuma, na muuguzi alisema huenda yakatulia kufikia kesho, ila asitiwe kitu masikioni wala asisikilizishwe kelele. Mwalimu Mkuu, Bwana Abdulwahid, alikuja chumba cha sayansi akiwa amekasirika. Mwalimu Crispus aliifungua mashine akauona ule mshale uliokufa.

"Chombo kibovu," alisema Bwana Abdulwahid. "Nani alikupa ruhusa ya kutuletea takataka za watu, mwalimu? Kesho asubuhi iende stoo, na siku ya wazazi sayansi haitakuwa na onyesho."

Mwalimu Crispus aliinamisha kichwa. "Ni makosa yangu," alisema. Fahima alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemtazama wala kumshuku. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Jioni aliporudi kutoka chuo cha Kurani alimkuta mama yake ameketi akidarizi kofia. Alimweleza yote, bila kupunguza. Bi Radhiya aliiweka kofia chini.

"Alhamdulillahi hakuumia zaidi. Basi liache lipite, mwanangu. Wao wenyewe wamesema ni mashini."

"Si mashini, mama. Ni mimi."

"Nyamaza. Ukisema neno moya shuleni, kabla ya adhuhuri mtaa mzima una habari. Wataka kuitwa..." Hakulimalizia.

"Kiziwi," Fahima alimalizia yeye. Neno lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. "Mama, nimesimamishwa nje nikiitwa sina adabu. Nimemuumiza Razan. Sasa Mwalimu Crispus anabeba kosa ambalo si lake. Jina gani hilo la kuogopwa kuliko haya?"

"Fahima, nakukataza."

"Nisamehe, mama. Kwa hili sitakutii."

Bi Radhiya alimtazama. Alichukua kofia yake, lakini sindano haikusogea.

Asubuhi darasa lilikuwa chumba cha sayansi na Mwalimu Crispus, na Razan alikuwapo. Masikio yalikuwa yametulia, ila alikaa dawati lingine. Bwana Abdulwahid aliingia na wavulana wawili wa kubeba mashine. Fahima akasimama.

"Mwalimu Mkuu, mashine haina kosa."

"Kaa chini."

"Sikai."

Wavulana wale waliisahau kazi yao.

"Niadhibu ukitaka," alisema Fahima. "Lakini niadhibu baada ya kunisikiliza. Mshale ulikufa, nikauona, sikusema. Nikataka kupima kwa sikio langu. Nikapandisha mpaka nikasikia, nikampa Razan. Mashine ilikuwa inapiga kelele muda wote. Mimi ndiye sikusikia. Mimi sisikii vizuri. Na siku ile ya kupimwa nilidanganya."

Mtu alicheka kule nyuma. Fahima aliona mabega yakitikisika, akamgeukia.

"Cheka. Ukimaliza unyamaze, tuwashe mashine."

Kicheko kikakatika. Bi Afra, aliyekuwa akipita na madaftari, alisimama mlangoni. Bwana Abdulwahid alimtazama Mwalimu Crispus, kisha akaitikia kwa kichwa.

Fahima mwenyewe aliiandaa, akakishusha kifundo mpaka sifuri. Akachomeka spika. Kisha akaugeuza mgongo, akakaa kitini uso ukutani, akaliziba sikio la kulia kwa kidole. "Pandisha pole pole, Mwalimu. Nikisikia nitainua mkono."

Alikaa. Ukutani mbele yake kulikuwa na ufa mdogo uliofanana na mto wa kwenye ramani, akaufuata kwa macho kutoka juu mpaka chini. Aliisikia harufu ya vumbi la moto. Akangoja. Alidhani taa za kioo bado hazijapata joto. Akangoja tena.

"Mwalimu, mbona huanzi?" aliuliza.

Hakusikia jibu. Alidhani labda wanashauriana. Kisha ule mbu akaja, kwa mbali, na Fahima akainua mkono na kugeuka.

Wanafunzi wa mbele walikuwa wameziba masikio. Yule aliyecheka alikuwa akitazama meza. Razan alikuwa ameziba yake kwa viganja, akilia kimya kimya. Kifundo kilikuwa kimezungushwa karibu mpaka mwisho, na Mwalimu Crispus alikuwa amekishika kana kwamba kinamuunguza. Alikishusha, akazima.

"Nilianza zamani," alisema taratibu, akihakikisha Fahima anamwona mdomo. "Ulipouliza, ilikuwa inalia chumba mzima."

Fahima alimtafuta Bi Afra mlangoni. "Bi, sikuwa nikikudharau. Ukiniita kutoka nyuma, kwangu mimi huwa hakuna aliyeniita. Ila nilikwambia nimesikia, na huo ulikuwa uwongo."

Bi Afra aliyaweka madaftari juu ya dawati la kwanza alilolikuta. Alikwenda mpaka mbele, akaushika mkono wa Fahima. "Na mimi nilikuhukumu kabla ya kukuuliza," alisema mbele ya wote. "Nisamehe."

"Mashine hii si daktari," Mwalimu Crispus alisema. "Imetuambia kuna shida. Shida ni gani, hospitali ndiyo itasema. Leo, si kesho."

Razan alifuta uso. Alichukua mkoba wake kutoka lile dawati lingine, akaurudisha mahali pake pa kawaida. "Nami niliinua kidole," alimwambia Fahima. "Tena usiniombe hivyo."

"Sikuombi tena," akajibu Fahima.

Bi Radhiya aliitwa shuleni, akaenda na mwanawe hospitali. Bwana Famau, mganga wa masikio, alichungulia kwa taa yake ndogo, kwanza la kushoto, kisha la kulia.

"Hili la kushoto lina tundu kwenye ngoma yake, na usaha wa siku nyingi," alisema. "La kulia limezibwa na nta na mabaki ya mafuta. Nani amekuwa akimtilia mafuta?"

"Mimi," alisema Bi Radhiya kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni mai ya bahari tu yamemuingia."

"Usimtilie tena kitu chochote, Bi, ila dawa nitakayokupa. Lisiingie maji, wakati wa kuoga wala wa kuogelea. La kulia nitalisafisha sasa hivi. La kushoto litachukua muda, na tundu lisipojifunga lenyewe tutampeleka kwa bingwa. Lakini mngengoja zaidi, ugonjwa ungekula mifupa ya ndani, na hapo nisingekuwa na la kusema. Mficha maradhi..."

"Kilio humuumbua," Bi Radhiya akamalizia, macho chini.

Fahima alipotoka nje, sikio la kulia likiwa limesafishwa, alisimama ghafla njiani. Aliuliza ni nini kile kinachokwaruza. Mama yake alisikiliza, akatazama huku na huku. Vilikuwa viatu vya Fahima mwenyewe juu ya mchanga.

Siku ya wazazi osileta ilikuwa mezani, mshale wake umetengenezwa. Ulikuwa ni waya mmoja tu uliochomoka. Bwana Abdulwahid alikuwa amewaalika watu wa afya, nao waliweka meza yao kando kuwakagua watoto masikio. Na si Fahima peke yake aliyekutwa na shida. Fahima aliendesha mashine mbele ya wazazi, pamba safi ikiwa katika sikio la kushoto, na mara mbili mtu alipouliza swali kwa sauti ya chini alisema wazi, "Sikukusikia. Rudia, tafadhali." Hakuna kilichoanguka, wala dunia haikusimama.

Katika umati alikuwapo jirani yao, Bi Nana, ambaye habari za watu zilimpendeza kuliko za kwake. Alimsogelea Bi Radhiya. "Nasikia binti yako ni kiziwi, masikini. Na ujana wote huu!"

Fahima alimwona mama yake akipindisha pindo la buibui, kama alivyofanya kila alipotaka kuondoka bila kujibu. Lakini safari hii Bi Radhiya aliliachia lile pindo.

"Sikio lake lilikuwa likiumwa, Bi Nana, nasi sasa twalitibu," alisema. "Niliuficha ugonjwa nikidhani nayaepuka maneno ya watu, na kwa kuficha kwangu mwanangu aliteseka, na mtoto wa watu akaumizwa. Maradhi si aibu. Aibu ni kuyafunika kwa uwongo mpaka yakawadhuru wengine. Mtoto huyu alinikatalia, akasema kweli mbele ya shule nzima. Nami najivunia ukaidi huo."

Bi Nana alijifanya anatazama upande mwingine, kana kwamba hakuambiwa yeye.

Fahima akainama juu ya meza, macho yanamcheka. "Mama," akasema, "mrudilie kwa sauti zaidi. Naona Bi Nana hakusikia."